Tumbo la Pili la Mama wa Mtindi

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Wakazaki wana matumbo mawili. Tena sikuamini kwa kubabaisha, niliamini kwa kiapo. Tumbo la kwanza ni kama langu na lako, la wali na nyama. La pili ni dogo, limejibanza nyuma ya lile la kwanza karibu na uti wa mgongo, nalo ni la maziwa tu. Wamelipata kwa kuishi na ngamia na farasi tangu enzi na enzi. Ndiyo maana, niliambiwa, Mkazaki hunywa ndoo ya maziwa asubuhi akashinda nayo mpaka magharibi, na ndiyo maana wanarefuka kama nguzo za simu. Habari hii niliipata Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, kwenye ofisi ya mizigo, nikiwa nimekaa juu ya robota la suruali nikisubiri zamu yangu ya mzani. Aliyeniambia alikuwa Mtanzania mwenzangu aliyevaa miwani. Mimi kidato cha nne nimekimaliza kwa masomo ya jioni, pale Temeke, baada ya kushinda sokoni kutwa nzima, na tangu hapo mtu mwenye miwani akizungumzia mwili wa binadamu huwa simbishii.

Nililisambaza hilo tumbo. Nililisimulia Dar kwenye maharusi na kwenye msiba mmoja, na pale msibani nilisikilizwa kuliko sheikh. Ushahidi nilikuwa nao, nauona kwa macho kila siku ya Mungu: mama wa mtindi.

Mama huyu alikuwa na jiko orofa ya tano ya jengo tulilopanga. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande huu meza mbili ndefu, upande ule masufuria. Kwao ni Almaty, mji wa Wakazaki. Alikuja mara ya kwanza kununua makoti ya kupeleka nyumbani, akaona Waislamu wa nchi zote wanahangaika mji mzima wakitafuta nyama halali, akaachana na makoti akashika mwiko. Jina lake lilitushinda. Papa Deo, Mkongo wa Lubumbashi aliyesoma kwa mapadri na ambaye alikuwa anakula pale kuliko sisi Waislamu, alijaribu kulitamka mara moja, likamtoka kama kikohozi. Mama akamletea maji. Tangu siku hiyo akawa mama wa mtindi kwa Waswahili wote, wa Dar, wa Unguja na wa Kongo.

Alikuwa mrefu. Najua nina sifa ya kutia chumvi, lakini hapa naomba mniamini: mlango wa jiko lake yeye aliupita kwa kuinama, na mimi niliupita nikiwa na robota kichwani. Viganja vyake vingemtosha mtu mwingine mzima. Akikanda unga, meza ilisogea. Akikupiga begani kwa mapenzi, ulikaa. Na pamoja na ukubwa huo wote alitembea taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtoto, na alikuwa na aibu ya msichana. Mtu akitaja choo mezani, yeye hupotea nyuma ya pazia mpaka mazungumzo yabadilike.

Kiswahili alikiokota kwetu, mezani, kwa vipande. Kwa Waunguja alichukua "tafadhali", kwa watu wa Dar alichukua "poa", kwa Papa Deo alichukua "mais non", yaani la hasha. Ngeli aliziruka kama madimbwi. "Kaka, nyama hii nzuri, maziwa hii nzuri, wewe hapana nzuri, wewe chelewa." Tukikwama kabisa, sisi na yeye, au yeye na meneja wa jengo, tulirudi kwenye Kichina cha soko, ambacho kila mmoja wetu alikuwa nacho cha kumtosha kununulia nguo soko la Zhanxi: laoban, yaani bosi, bei gani, punguza, na buyao, yaani sitaki. Kwa lugha hiyo unaweza kujaza kontena zima likafika bandarini Dar salama. Kumweleza mtu unapoumwa huwezi.

Sasa, mtindi. Maziwa aliletewa alfajiri kwenye madumu. Aliyachemsha, akayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, akatia kikombe cha mtindi wa jana, akafunika ndoo kwa kitambaa cheupe na kuziweka karibu na jiko kama wagonjwa wanaohitaji joto. Kesho yake ndiyo mtindi, mzito, mchachu, na chumvi kidogo. Mwingine aliuchuja, akaufinyanga viduara, akavikausha dirishani mpaka vikawa vigumu kama kokoto. Hivyo alivitia mfukoni na kuvimumunya mchana kutwa. Alinipa kimoja siku ya kwanza, nikakitafuna badala ya kukimumunya, na nusura jino langu libaki China.

Jambo moja nililiona na sikulitilia maanani, nalo ni hili: mtindi alikunywa bakuli kwa bakuli, lakini maziwa mabichi, yaani yasiyogandishwa, sikuwahi kumwona akiyatia mdomoni, ila tone moja la kubadilisha rangi ya chai. Nilidhani anatuwekea sisi. Nikasema moyoni, huyu mama mkarimu, anajinyima.

Chai yenyewe ilizua ugomvi. Alitumia vibakuli visivyo na mkono, na alikumiminia kidogo mno, mafunda matatu, basi. Ukimaliza anaongeza mafunda matatu. Kwetu sisi mtu akikupa kikombe nusu ameshakutukana, na wiki ya kwanza watu walinung'unika mpaka mwenzetu mmoja wa Kariakoo akamwambia usoni, "Mama, jaza basi, unatubania mpaka maji ya moto?" Mama akamwangalia kwa mshangao. Akachukua kibakuli, akakijaza mpaka chai ikatetemeka ukingoni, akakiweka mbele yake, kisha akanyoosha mkono wake mrefu kuonyesha mlango.

Papa Deo ndiye aliyemhoji mpaka akaelewa. Akageuka kwetu na kutangaza kama anasoma hukumu: "Mais ndugu zangu, kumbe ni heshima. Akikupa kidogo, anataka ukae, akuongezee, muongee. Akikujazia, donc, anasema kunywa uende kwako."

Mtu wa Kariakoo akakisukuma kile kibakuli polepole katikati ya meza, kama kitu kinachoweza kulipuka. Tangu hapo ukikuta mtu amejaziwa, wote tulimpa pole.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Aliswali, lakini sufuria likimwunguza alitukana kwa Kirusi kwa kirefu, halafu akaomba toba kwa Kiarabu. Aliwapa bure wali watu waliofilisika, lakini kijiko cha chumvi alikishika mwenyewe, hakuna mteja aliyekigusa. Na alikuwa na msemo wake, akikuona unaingia umekunja uso kwa mambo ya mzigo: "Kula kwanza. Lia baadaye." Wengi tulikula, kilio tukakisahau.

Basi huyo ndiye mtu ambaye mtu tuliyemwita Ajenti alimfanyia aliyomfanyia, na mpaka leo nikikumbuka lile koti lake jeupe damu inanipanda.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila mtu Guangzhou alikuwa ajenti wa kitu. Huyu wetu, mtu wa Dar, mcheshi, mdomo asali, alikuja na unga wa maziwa wa kurefusha watoto. Alivaa koti la daktari, nalo, nina hakika, lilinunuliwa Shisanhang kwenye nguo za jumla, kwa sababu lebo ilikuwa bado inaning'inia kwapani. Akaweka meza chini kabisa, mlangoni mwa jengo, mabokisi ya unga upande huu, vipaketi vya maziwa mabichi ya kuonja upande ule, na ukutani akachora rula ndefu ya kupimia watu kimo. Kila aliyepita alisimamishwa kwenye rula, akasomewa upungufu wake. Mimi nilisomewa mbele ya mabinti wawili wa Mombasa. "Kaka, wewe utotoni ulinyimwa maziwa," akaniambia, kama daktari anayetoa habari za msiba. Kana kwamba ufupi ni maradhi. Mimi ufupi wangu nimekaa nao vizuri, umenifaa kwenye viti vya ndege, na hakuna mtu aliyenituma kuulalamikia.

Siku moja mama wa mtindi anarudi sokoni na mifuko yake, Ajenti akamwita kwenye rula. Mama wa watu, katika mji ambao kila kona mtu anakupima ili akuuzie nguo, akadhani anapimiwa gauni. Akaweka mifuko chini, akanyoosha mikono pembeni, akajizungusha taratibu apimwe na mgongo, anatabasamu. Ajenti akapiga picha. Baada ya siku chache picha ile ilikuwa bango ukubwa wa mlango, mama amenyoosha mikono kama anayetaka kuruka, na maneno kwa Kiswahili na Kifaransa: MAZIWA NDIYO HAYA.

Papa Deo akamtafsiria. Mama alilitazama bango kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Ajenti kwa Kichina cha soko, neno moja, "Buyao." Ajenti akacheka na kumwambia, "Mama, umependeza." Bango likabaki. Nauliza, nani alimpa ruhusa ya kuugeuza mwili wa mama mtu mzima kuwa tangazo? Alimwomba? Alimpa hata kikombe cha maji? Siku hiyo jioni alipanda juu kujipendekeza, akaketi mezani, mama akamjazia chai mpaka pomoni. Akatugeukia kwa furaha: "Mnaona? Nyinyi anawapa nusu, mimi ananijazia." Hakuna aliyemweleza. Tuliinamisha vichwa kwenye sahani, mabega yakitutetemeka.

Halafu ikaja Ijumaa ile. Ajenti aligawa vipaketi vya maziwa mabichi bure kwa watu wote wa jengo waliotoka kuswali. Kitu cha bure, tena cha baridi, na joto lile. Tulikunywa. Mimi nilikunywa viwili nikapewa cha tatu cha njiani. Haikufika alasiri, jengo zima likawa mbioni. Orofa moja choo kimoja. Watu walipanga foleni wameshika kuta, wengine walipanda orofa mpaka orofa kutafuta mlango ulio wazi, na mfanyabiashara mmoja mwenye heshima zake, simtaji, alikodi teksi kwenda choo cha stesheni ya treni.

Jioni Ajenti akaanza kunong'ona. Maziwa yake yametoka kiwandani, yamefungwa, yana tarehe. Maziwa pekee ya kuchacha ndani ya jengo hili, yanayolala kwenye ndoo kwa siku nzima chini ya kitambaa, mnajua yako wapi. Na watu waliokula kwa yule mama miaka minne, aliowalisha walipofilisika, aliowaambia lia baadaye, wakaanza kutikisa vichwa: kweli, mimi mchana nilikula kule. Kweli, yale madude yana harufu. Nilitamani kuwachapa bakora mmoja mmoja.

Kesho yake meneja wa jengo alipanda orofa ya tano na wanaume wa jengo nyuma yake, ukumbini hapapitiki. Akanusa ndoo, akakunja pua, akasema jiko lifungwe. Mama akatoka nyuma ya pazia, akachota bakuli la mtindi wake, akalinywa mbele yao mpaka mwisho, akafuta mdomo. Akasimama anasubiri.

"Huo ni wake, ameuzoea," akasema Ajenti. "Mimi natafuta haki, laoban. Anywe maziwa yangu hapa hapa, mbele ya mashahidi. Akiugua, nafunga meza yangu leo na kuondoka. Asipougua, maziwa yangu ni salama, uchafu ni wake." Akatoa paketi, akakata kona kwa meno, akamnyooshea.

Nikamshika Papa Deo mkono. "Huu ni mtego," nikamwambia. "Huyu mama ana tumbo la pili. Hata umpe pipa hawezi kuugua. Akinywa amekwisha."

"Tumbo gani, wewe?"

Sikuwa na muda wa kumfundisha. Nikapaza sauti kutoka nyuma, "Mama, usinywe."

Mama aliangalia paketi. Akaangalia ukumbi, nyuso zote zile, wanaume tu, wengine wamepanda juu ya marobota ili waone vizuri. Nikaona shingo yake inapanda wekundu mpaka masikioni. Alifungua kinywa kusema kitu, akatafuta maneno, hakuyapata, na tukasikia lile moja tu.

"Buyao."

"Mmeona wenyewe," akasema Ajenti. Meneja akabandika karatasi mlangoni. Papa Deo akaanza kupiga kelele kwa Kifaransa kwamba haki gani hii, kwamba nchi yoyote yenye sheria humsikiliza mshitakiwa, lakini Kifaransa ndani ya jengo lile kilikuwa kelele tu kama feni.

Siku yake ya mwisho alipika kama sikukuu. Nyama, vipande vipana vya unga uliokandwa na kuchemshwa, maandazi madogo kama kaimati yasiyo na shira. Tuliokuja tulikuwa wachache. Mwishoni akatoa vibakuli, akapita nyuma yetu mmoja mmoja akimimina, na kila kibakuli alikijaza mpaka chai ikatetemeka ukingoni. Hata mtu wa Kariakoo alikishika chake kwa mikono miwili kama anapokea rambirambi. Tukanywa, tukaondoka, kama tulivyoambiwa.

Ajenti hakumaliza hata msimu. Alihamia kwenye taa za jua. Koti jeupe aliliacha kwenye msumari, na bango lilibaki mpaka mvua ikamfuta mama miguu.

Miaka kadhaa baadaye, nilikuwa Shisanhang natafuta sketi, nikapandishwa ghorofani kwenye chumba cha duka fulani kuona mzigo. Kwenye kona, kati ya makoti, amekaa mtu anashona vifungo, na hata akiwa amekaa alikuwa ananizidi. Duka lilikuwa la binamu yake. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Akaniangalia juu ya miwani.

"Kaka," akasema, "wewe chelewa."

Akatoa birika na kibakuli. Akamimina mafunda matatu. Mimi, mwanamume mzima, nikajifanya napuliza chai ambayo haikuwa hata ya moto. Akaongeza mafunda matatu. Tukazungumza habari za watu: nani karudi, nani kaoa, Papa Deo kafungua duka Lubumbashi. Alipoongeza mara ya tatu nikaona sasa ndiyo nafasi ya kumpa hongera yangu niliyomwekea miaka yote.

"Mama, siku ile ulifanya akili kukataa yale maziwa. Ungekunywa, usingeugua, na yule mshenzi angeshinda."

Akaacha kushona. "Nani hapana ugua?"

"Wewe."

"Mimi ugua, kaka. Mimi maziwa bichi kunywa paketi moja, saa moja, mimi mbio choo. Kama nyinyi Ijumaa ile. Mimi jua kwa nini nyinyi ugua, mimi taka sema meneja, maziwa bichi ya yule mtu, lakini Kichina yangu bei tu."

Nikatua kibakuli. Nikaanza kuhesabu upya, na hesabu ilikataa. "Basi mama, ungekunywa. Ungeugua pale pale, angefunga meza yeye, na jiko lako ungekuwa nalo mpaka leo."

"Ndiyo," akasema. "Mimi jua."

"Sasa kwa nini?"

Akainua uso, na nikauona tena ule wekundu ukipanda shingoni, baada ya miaka yote ile. "Wanaume wote ile simama, ngoja mama mtu mzima mbio choo, sikiliza mlango. Halafu sema, ah, mama kweli. Mais non." Akakata uzi kwa meno. "Jiko nitapata ingine."

Hakuwa amepata. Nilitazama vile viganja vilivyosogeza meza, vimeshika kifungo kidogo kama punje ya dengu, na hasira niliyokuwa nayo kwa Ajenti ikanijia upya, mara mbili, na safari hii ikatuchukua na sisi tuliopanda juu ya marobota ili tuone vizuri.

Lakini bado nilikuwa na ushahidi wangu mmoja, na mtu wa masomo ya jioni haachi ushahidi kirahisi. "Na huo urefu, mama? Si maziwa?"

"Baba yangu refu. Dada yangu, nyumba moja, mtindi moja, yeye hapa." Akaonyesha kimo cha meza.

"Na tumbo la pili?"

"Tumbo gani pili?"

Nikamweleza lote, la ngamia, la farasi, la kujibanza karibu na uti wa mgongo, la maharusi na msiba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akatia kidole mfukoni, akanitolea kiduara kimoja cha mtindi mkavu, akaniwekea kiganjani.

"Maziwa bichi mimi hapana, mama yangu hapana, kwetu watu wengi hapana. Ndiyo sababu sisi gandisha mtindi, mtindi tumbo kubali." Akanigusa tumboni kwa ncha ya kile kidole kirefu. "Tumbo moja, kaka. Kama wewe."